Nonstiki Hufia Motoni, si Mikononi mwa Dada

Kuna shutuma moja inayozunguka katika nyumba za mijini, Dar es Salaam hadi Nairobi, na sijaona anayeipinga. Inasemwa kwenye kicheni pati, ambako bibi harusi akishakabidhiwa seti yake ya vikaango vyeusi vinavyong'aa huambiwa avifungie kabatini, dada wa kazi asiviguse. Inasemwa saluni na kwenye vikundi vya WhatsApp. Inasemwa hata na wauza vyombo, mteja anaporudi kulalamika kwamba kikaango kimebanduka kabla ya mwaka kuisha: muulize dada yako anaoshea nini. Mwenye kikaango anarudi nyumbani, anauliza, anakuta waya wa kusugulia kando ya karo, na kesi imekwisha. Mwisho wa mwezi mshahara unapungua.

Naipinga shutuma hiyo tangu msingi wake. Kikaango cha nonstiki, mara nyingi, hufika kwenye karo kikiwa kimekwisha kuharibika. Kilichokiharibu ni moto, na moto huo uliwashwa na mwenye nyumba mwenyewe, au kwa maagizo yake, kwa kazi ambayo chombo hicho hakikutengenezwa kuifanya. Anayekiosha ni mtu wa mwisho kukishika kabla ubovu haujaonekana, na kwa sababu hiyo tu anabebeshwa lawama.

Ili tuelewane, inabidi kuujua utando wenyewe. Ule weusi unaoteleza, kwenye vikaango vingi, ni plastiki ya aina ya pekee ambayo wanakemia huiita politetrafluoroethilini, na wengi wanaijua kwa jina la biashara la Teflon. Roy Plunkett, mkemia kijana wa kampuni ya DuPont, aliikuta kwa bahati tarehe 6 Aprili 1938 katika maabara ya New Jersey, Marekani. Gesi aliyokuwa ameihifadhi kwenye mtungi iligoma kutoka, na mtungi ulipokatwa ndani yake kulikuwa na unga mweupe, wenye utelezi. Unga ule haukushikana na kitu chochote. Ilipita zaidi ya miaka 15 kabla haujapata njia ya kuingia jikoni, na sababu iko wazi: kitu kisichoshikana na chochote utakishikizaje kwenye sufuria? Mhandisi Mfaransa Marc Grégoire ndiye aliyepata jibu, mwaka 1954. Aliichubua alumini kwa tindikali mpaka ikawa na vitundu vidogo vidogo, utando ukaingia humo na kung'ang'ania, kama lipu inavyong'ang'ania ukuta ambao fundi ameuparuza kwanza. Mwaka 1956 ikaanzishwa kampuni ya Tefal.

Nasimulia habari hii kwa sababu ndani yake mna jibu la kesi yetu. Utando wa kikaango umejishika kwenye mikwaruzo ya alumini, basi, na unene wake kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Chochote kinachoudhoofisha utando wenyewe, au kulegeza pale uliposhika, kinafupisha maisha ya chombo. Na katika majiko yetu hakuna kinachofanya hivyo haraka kuliko joto lililopita kiasi.

Watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 260 za Selsiasi, au hapo karibu. Ukivuka hapo utando unaanza kuchoka. Ukikaribia 350 unaanza kuvunjika na kutoa mafusho. Mtu akisikia 260 hudhani ni joto la kiwandani, lisilofika nyumbani. Linafika kila siku. Chakula chenye maji hakikiachi kikaango kipande sana, kwa kuwa maji huchemka kwenye nyuzi 100 na kuondoka na joto katika mvuke. Kikiwa kikavu, hakuna cha kukizuia. Kikaango kitupu, chembamba, juu ya jiko la gesi lililofunguliwa mpaka mwisho, huvuka 260 ndani ya dakika chache, mpishi akiwa bado anamenya vitunguu. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa huanza kufuka moshi kwenye nyuzi 225 hivi, au zaidi kidogo. Kwa hiyo mpishi aliyezoea kusubiri mafuta yafuke ndipo atupie vitunguu, anakiweka kikaango chake ukingoni mwa hatari kila anapopika. Na mkaa uliokolea hupita nyuzi 600, juu ya jiko lisilo na kitufe cha kupunguzia.

Sasa tazama kazi tunazovipa vikaango hivi. Tunakaangia karanga, kavu, moto wa kutosha, nusu saa. Tunakaangia bizari nyembamba na giligilani kabla ya kusaga. Tunabadilisha rangi ya vitunguu vya pilau mpaka viwe kahawia ya kuiva, kazi inayotaka mafuta mengi na moto mkali bila huruma. Tunakaanga vibua mpaka mifupa ikauke. Na tunapika chapati. Chapati inataka chuma kikavu kilichopata moto sawasawa kabla ya ile ya kwanza kulazwa, na hiyo ndiyo namna sahihi ya kuipika. Sina ugomvi na chapati. Ugomvi wangu ni na uamuzi wa kuipikia kwenye chombo kinachodai moto mdogo na kitu chenye majimaji ndani yake muda wote. Mzigo huo ni wa chuma cha chapati, na kila nyumba ilikuwa nacho kabla nonstiki haijaingia. Wauza chipsi mayai wameliona hili zamani. Yule kijana anayegeuza mayai juu ya moto unaonguruma, mamia kwa usiku, anatumia kikaango cha kawaida cheusi na mafuta ya kutosha, na mayai yake hayagandi. Nonstiki pale kwenye moto wake isingemaliza mwezi, na yeye hawezi kununua kikaango kila mwezi.

Hapo ndipo mfuatano wa mambo unapoanza, na naomba msomaji aufuate hatua kwa hatua kwa sababu wanaolaumu huanza kuuhesabia mwishoni. Moto ukizidi, tabaka jembamba la mafuta huungua na kuganda juu ya utando, kwanza kwenye kingo ambako ndimi za moto wa gesi hupanda, kisha katikati. Linakuwa kama gundi ya rangi ya kahawia. Utelezi unapotea kwa sababu chakula sasa hakigusi utando. Kinagusa mafuta yaliyoungua. Mayai yanaanza kushika. Mpishi anaongeza moto, au anachukua kijiko cha chuma akwangue. Kisha kikaango kinapelekwa kwenye karo, kimeganda, kinanuka ukoko wa mayai yaliyoungua, na amri inatolewa: king'ae. Ndipo waya unapoingia. Waya umekuja hatua ya tano, na ulikuja kwa sababu ya zile nne za mwanzo. Kikaango kizima hakihitaji kusuguliwa kwa waya. Kinapanguswa na kinatoka kisafi. Anayesugua kwa nguvu anatoa ushahidi kwamba chombo kilikwisha kuacha kufanya kazi yake kabla hajakishika.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Waya unakwaruza kweli. Mchanga na majivu pia vinakwaruza, na dada anayesugua nonstiki kwa majivu anaiumiza. Siwezi kukana hilo. Lakini fikiria alikojifunza. Msichana aliyelelewa Singida, Kigoma au Kisii alifundishwa na mama yake kwamba sufuria ya alumini husuguliwa mpaka ujione usoni mwake, na weusi wa masizi ni aibu ya nyumba. Alisifiwa kwa hilo mbele ya wageni. Ufundi huo ni sahihi kabisa kwa sufuria ya alumini. Amefika mjini, amekabidhiwa chombo cheusi ndani na nje, na weusi wake ndio thamani yake, na hakuna aliyemweleza. Karatasi ya maelekezo ilitupwa pamoja na boksi. Ukimpa mtu chombo kigeni bila neno lolote, kisha ukamtoza kwa kutokijua, umemwonea.

Kikaango kinaweza kusoma kesi yake chenyewe, kwa anayejua kukitazama. Kiinamishe dirishani, mwanga ukipite kwa ubavu. Mistari myembamba mingi inayozunguka, imeenea kila mahali, ni ya waya. Mikato mifupi iliyonyooka katikati ni ya uma, kisu, au kijiko cha chuma: hapo mpishi alikuwa anageuza au anakatia nyama ndani ya kikaango. Duara lililofifia, lililopoteza mng'ao au kubadilika rangi, linalolingana na ukubwa wa jiko lako la gesi, ni la moto, wala halitokani na mkono wa mtu yeyote. Kingo zenye utando wa kahawia unaonata ni moto pia. Malengelenge na vipande vinavyoinuka kama ngozi huonyesha kwamba utando umeachana na alumini, ama kwa joto, ama kwa sababu chumvi na tindikali vilipenya kwenye vitundu vidogo na kuila alumini kwa chini; hili hutokea sana mchuzi wa nyanya au samaki wa ndimu anapolazwa humo usiku kucha. Na kitako kilichopinda, mafuta yakakimbilia pembeni na kuacha katikati pakavu, kilipindishwa siku kikaango cha moto kilipotiwa maji ya baridi. Tendo hilo laweza kuwa la dada. Laweza pia kuwa la mama mwenye haraka ya kwenda kazini. Ninachojua ni kwamba katika vikaango vibovu ambavyo watu wamenionyesha wakimlaumu dada, duara la moto halikosekani, na aliyenionyesha alikuwa hajaliona.

Wapo wanaojibu kwamba tatizo ni ubovu wa bidhaa: nunua ya bei, nunua granaiti, haitabanduka. Hoja hii ina ukweli kidogo, na ukweli wenyewe uko kwenye kitako. Kikaango kizito husambaza joto sawasawa, kwa hiyo hakina sehemu moja inayochomwa huku nyingine ikiwa baridi, na vile vya bei ya juu mara nyingi huwa na tabaka zaidi la utando. Ukiweza, nunua kizito. Kipime kwa mkono dukani. Lakini bei haiondoi kikomo cha joto. Kile kinachouzwa kwa jina la granaiti hakikuchongwa kwenye jiwe. Ni alumini iliyopakwa utando wenye madoadoa ya mawe kwa sura, na chini ya madoadoa hayo mara nyingi ni plastiki ileile ya Plunkett. Vile vya utando wa kauri, uliotengenezwa kwa silika, huvumilia joto zaidi bila kutoa mafusho yale, lakini utelezi wao kwa kawaida huisha mapema kuliko wa wenzao. Aliyechomea karanga kwenye kikaango cha bei nafuu atachomea na kwenye cha bei ghali, tofauti ikiwa ni kiasi atakachomkata dada.

Wengine huleta habari ya saratani, na hii naichukulia kwa uzito kwa sababu nyuma yake kuna watu walioumia kweli. Kemikali iitwayo PFOA ilitumika kwa miongo mingi katika kutengeneza utando huu, na karibu na kiwanda kilichokuwa cha DuPont huko Parkersburg, West Virginia, ilichafua maji ya kunywa. Mwaka 2017 DuPont na kampuni iliyozaliwa kutoka kwake, Chemours, zilikubali kulipa takriban dola milioni 670 kumaliza maelfu ya madai. Makampuni makubwa yalikuwa yamejifunga kuiacha PFOA ifikapo 2015. Mwaka 2019 ikaingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali chafuzi zinazodumu. Na mwaka 2023 wakala wa utafiti wa saratani wa Umoja wa Mataifa ukaiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Haya yote ni kweli. Lakini ni habari ya kiwanda na maji yake. Kipande kidogo cha utando ulichomeza na mayai hupita tumboni na kutoka kilivyoingia, kwa kuwa mwili hauna namna ya kukimeng'enya. Hatari ya jikoni iko kwenye mafusho ya kikaango kilichosahauliwa motoni: humpa mtu homa, baridi na kifua kubana, na huua ndege wa kufugwa, kasuku kwa mfano, ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo hata anayeogopa kwa ajili ya afya anapaswa kuogopa moto, si mchubuko. Hofu ya mchubuko imefanya watu watupe vikaango kwa mstari mmoja wa uma na kudai fidia ya kipya kwa aliyeosha.

Lawama hizi hazitapungua. Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Gesi inaingia kwenye nyumba ambazo hazikuwahi kuwa nayo, na nonstiki inaifuata mlango huohuo. Mpishi aliyezoea mkaa anauleta mkono wake wa mkaa kwenye gesi: anafungua mpaka mwisho, kwa sababu moto mkali ndio moto aliokuwa akiusubiri kwa nusu saa ya kupuliza. Hapo ndipo pa kufundishia, kwenye kitufe cha jiko, na mwanafunzi wa kwanza awe mwenye nyumba.

Mafunzo yenyewe ni machache. Kikaango cha nonstiki kiwe cha mayai, chapati za maji, samaki laini wa kukaangwa kidogo, na viporo vya kupasha. Mafuta yatangulie kabla ya moto, na moto uwe wa chini au wa kati. Yakianza kufuka, umechelewa, punguza. Geuza kwa mwiko. Ukimaliza, kiache kipoe chenyewe juu ya jiko, hata kama wageni wako mezani. Kisha maji ya uvuguvugu, sabuni, na sponji au dodoki lililolowa vizuri. Gundi ya kahawia ikianza kujitokeza, chemsha ndani yake maji na kijiko cha bikaboneti ya kupikia kwa dakika kumi, upanguse. Ukiwahi, mara nyingi utelezi hurudi. Vikipangwa kabatini, kitambaa katikati. Na hata ukiyafanya yote, kikaango hiki hakitarithiwa na wajukuu. Utando huisha kwa kutumika, baada ya miaka kadhaa, na kuisha huko hakuhitaji kutafutiwa mkosaji.

Kinachobaki ni pesa, na hapa sitaki kuzunguka. Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na kifungu chake cha 28 kinamlinda dada wa kazi kama kinavyomlinda karani wa benki. Mwajiri hawezi kukata mshahara kwa ajili ya kitu kilichoharibika mpaka iwe uharibifu ulitokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Mpaka amwandikie chanzo cha hasara, kiasi chake na hesabu yake. Mpaka ampe nafasi ya kweli ya kupinga. Na jumla ya anachokata isizidi hasara halisi, wala isivuke robo ya mshahara. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuandika karatasi hiyo? Ni wangapi wamewahi kumwuliza dada, kwa sauti ya kuuliza na si ya kuhukumu, kikaango kilikujaje kwenye karo? Hasara halisi ya kikaango cha miaka miwili si bei ya kipya dukani, na kosa la mfanyakazi halithibitiki kwa kukuta waya kando ya karo.

Anayetaka kumkata dada yake mshahara mwezi huu, kwanza ainamishe kikaango dirishani na atafute lile duara. Akilikuta, amwite, amwonyeshe, kisha wapike pamoja mayai kwa moto mdogo, kila mmoja akishika kitufe kwa zamu yake. Na aliyekwisha kukata miezi iliyopita arudishe pesa hiyo kwenye mshahara unaofuata, ikiwa kamili, bila kungoja kuombwa.